Chanjo Niliyoiua Mwenyewe

Wadogo zangu wa kitengo cha chanjo, siku ile ya kuniaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na kazi: niandike niliyoyaona. Kanga nimeivaa, saa nimeitundika hapa kwangu Rusimbi, na kazi ndiyo hii. Msianze kuguna kwamba Mama Masanja ana maneno mengi, mmeyataka wenyewe. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye jalada, na jalada lenyewe halisisimui. Nitaandika habari za kisanduku kimoja na mlima mmoja, kwa sababu juzi nimepita hapo ofisini nikawakuta mnapakia barafu huku mnachati, na roho ikanipaa.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu ukitaka kuona mbali unapanda kichuguu. Nilipopangiwa Kigoma nilishuka kwenye treni miguu imevimba, nikalitazama ziwa, nikasema haya, shida yangu ndiyo hii, maana kuogelea sijui. Mlima hata sikuufikiria. Miezi ya kwanza nilikaa kliniki ya watoto Ujiji, napima uzito. Watoto wanalia, mama zao wanaongea Kiha juu ya kichwa changu, mimi katikati nimeshika mzani naitikia "ego", yaani ndiyo, kwa kila kitu, hata siku waliyoniuliza kama natafuta mume. Walinitafutia kweli, wawili.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Imelda, nesi mkuu wetu wa wakati ule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuzia kunguru. Alikuwa mkali kwenye jambo moja tu, kisanduku cha chanjo. Mnakijua: cha bluu, kina mkanda wa begani, ndani unapanga vile vichupa bapa vya plastiki vyenye maji yaliyogandishwa, katikati ndiyo inakaa chanjo. Kila mtu anajua kwamba chanjo inaharibiwa na joto. Wasichokijua wengi, na wengine wana vyeti ukutani, ni kwamba chanjo kama ya pepopunda ikiganda imekufa. Kwa hiyo Sista hakuturuhusu kutoa barafu kwenye friza na kupakia papo hapo. Vichupa vinalazwa mezani, vinasubiriwa mpaka viyeyuke kidogo, halafu unakitikisa kimoja kimoja sikioni.

"Unasikia maji?"

"Sisikii, Sista."

"Basi kaa chini."

Tunakaa. Dereva anapiga honi nje, sisi tumekaa. Nilimwona mwanamke yule kama mchawi wa barafu, na moyoni nilikuwa namcheka.

Vijiji vya mwambao wa kaskazini tulikuwa tunavifikia kwa boti kutoka Kibirizi. Upepo ukichafua ziwa, boti haziendi, na hapo njia ni moja: gari mpaka vijiji vya juu kwenye kahawa na migomba, halafu kwa miguu, unafuata mgongo wa mlima kuelekea kaskazini, ndipo unateremka ziwani. Wenyeji wanauita Mgongo tu. Mahali pembamba si parefu, kama kiwanja cha mpira na nusu hivi, lakini panapobana kabisa upana wake ni mkeka wa kulalia mtu mmoja. Kushoto majani mafupi, mawe, halafu hewa, halafu ziwa chini kabisa. Kulia korongo lenye msitu, sauti za nyani unazisikia zinatoka chini ya miguu yako. Kuna sehemu tatu za mawe ambako miguu peke yake haitoshi, watu wanatumia mikono. Mimi nilitumia na tumbo.

Na wana desturi moja pale juu: hakuna kusalimiana. Waha mnawajua, salamu yao ukiianza vizuri unaulizwa mpaka habari za mbuzi. Lakini kwenye Mgongo mtu anakupita na furushi la dagaa kichwani kama hakujui, hata kama ni mkwe wake. Salamu inakutaka usimame, ugeuke, uiname, na pale hakuna nafasi ya adabu. Wakishatoka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, ndipo wanapigiana kelele za salamu mpaka wanaridhika.

Hilo mimi sikuambiwa. Mara ya kwanza nilipopita na Sista Imelda, yeye mbele, mimi nyuma na kisanduku mgongoni, tulikutana na mzee mmoja anapanda na dagaa zake kwenye mawe ya pili. Nami nimelelewa Usukumani. Mzee amenifikia, nikageuka, nikapiga goti. "Shikamoo, mzee." Jiwe nililokanyaga likaondoka. Sikupiga kelele, pumzi ya kupigia sikuwa nayo. Kilichonizuia ni mkono wa yule mzee, alikuwa ameudaka mkanda wa kisanduku.

"Marahaba utaipata ukifika," akasema. "Sasa shika jiwe."

Huyo alikuwa Mzee Ntakije, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Nililishika lile jiwe nikagoma kuliachia. Nililia, wadogo zangu, tena kwa sauti. Mwishowe Sista alinivua kisanduku, akamwomba mzee anirudishe nilikotoka, akaendelea peke yake. Hakunisema, si siku hiyo wala siku nyingine, na hilo ndilo lililoniuma. Miaka iliyofuata nilihakikisha zamu zangu za kaskazini zinaangukia siku za maji matulivu. Nilibadilishana na wenzangu, niliugua malaria mbili ambazo hakuna kipimo kilichoziona. Anayetaka kunihukumu akasimame pale kwanza.

Sista akastaafu, kitengo nikashika mimi. Ndipo akaja Ashura.

Ashura alikuwa mkausha dagaa wa kitongoji kimoja cha mwambao wa kaskazini, mbele ya kijiji cha Mwamgongo. Alikuwa ameshazika watoto wawili. Wote walizaliwa wazima, wakanyonya siku tano, ya sita wakaacha, mdomo ukakaza, mwili ukakakamaa. Hiyo ni pepopunda, inaingilia kwenye kitovu, na mama akiwa amechanjwa mtoto anazaliwa na kinga. Mimba ya tatu alikuja mwenyewe kliniki Ujiji akiwa amepita na boti ya dagaa, nikamchoma sindano ya kwanza. Nikamweleza kwamba ya pili ni baada ya wiki nne, na ni lazima aipate si chini ya wiki mbili kabla ya kujifungua, la sivyo haimsaidii mtoto. Asihangaike na safari na tumbo lile, nitamfuata kwao. Alinishika mkono.

"Dada nesi, unakuja kweli?"

"Nakuja."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti.

Wiki nne zikafika, na upepo nao ukafika. Boti zikavutwa mchangani. Siku ya tatu, ya tano, ya nane, kila asubuhi nampigia mwenye boti simu, kila asubuhi jibu ni lile lile: "Mama, ziwa limekataa." Nikawa nahesabu siku za Ashura kwenye kalenda ya ukutani, nikizihesabu upya kana kwamba zitaongezeka. Siku ya kumi nilijua kwamba nikisubiri zaidi sindano itakuwa ya bure. Wenzangu wawili walikuwa likizo, wa tatu alikuwa na mguu wenye plasta. Nikatafuta malaria, safari hii haikuja.

Sasa weka simu chini, usome hapa. Watu wa kawaida wanavuka ule mgongo na kuteremka kwa saa tatu. Mimi nilijijua. Nikajiambia, wewe utatambaa, utachukua saa sita, barafu itaisha njiani, chanjo ipate joto. Basi ongeza baridi. Nikavitoa vile vichupa vya barafu vikiwa vigumu kama mawe, nikavipanga hivyo hivyo, chanjo katikati, nikafunga. Sikuvilaza mezani, sikukiweka hata kimoja sikioni. Tena nilijiona mjanja, nimeokoa na muda.

Mzee Ntakije nilimkuta kule juu kwenye migomba, nilikuwa nimempigia simu usiku. Alikuwa amezeeka, lakini miguu ilikuwa ile ile.

"Mwakeye, nesi."

"Mwakeye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Imalizie hapa hapa yote, kule juu sitaki kuisikia."

Alicheka, mimi sikuweza. Upepo ule ule uliofunga ziwa ulikuwa unatusubiri pale juu, na haukuwa unavuma kwa mpangilio, ulikuwa unasukuma, unaacha, unasukuma. Ukishajizoesha kuuegemea, unaondoka, unabaki umeegemea hewa. Kwenye mawe ya kwanza nilikaa chini nikajiburuza kwa makalio. Kwenye mawe ya pili, yale yale, nililala kifudifudi, nikawa nasogeza mkono, goti, mkono, goti, kisanduku kinanipiga kisogoni. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu siku ile, mengine sijayatimiza mpaka leo. Mzee alikuwa mbele yangu hatua mbili, hageuki, ananiambia tu, "Mguu wa kulia. Hapo. Bado. Hapo." Katikati nilisimama, yaani nililala bila kwenda, nikamwambia mzee, nakufa. Akasema, "Hapana, umechoka tu. Mguu wa kulia."

Tulifika kitongojini saa saba mchana. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka na watoto wao, Ashura mbele kabisa, tumbo limeshuka, mkono wa gauni umeshakunjwa mpaka begani. Aliponiona alifunika uso kwa viganja. Mimi nilikuwa nimechubuka magoti yote mawili, na furaha niliyokuwa nayo nashindwa kuieleza. Nimevuka! Nikanawa, nikafungua kisanduku.

Vichupa vya dawa vilikuwa vimegandamana na barafu. Nilikibandua kimoja kwa ukucha. Nikakiweka juani, nikakitikisa, nikasubiri. Dawa nzima ukiitikisa inakuwa nyeupe sawasawa na inatulia hivyo. Hii ilikatika vipande kama maziwa yaliyoharibika, vikazama. Nikachukua cha pili. Nikachukua cha tatu. Nikavitikisa vyote.

Nataka muelewe kitu kimoja. Ile alama ya duara kwenye kichupa, inayobadilika rangi, inakwambia kama dawa imepata joto. Habari za kuganda haisemi lolote. Alama zangu zote zilikuwa safi. Ningemchoma Ashura, ningewachoma wote, wangenishukuru, wangenipa dagaa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, mpaka siku ya sita ya yule mtoto. Na hata hapo wangesema ni amri ya Mungu. Niliifikiria njia hiyo. Kurudi kule juu nilikuwa naogopa kiasi kwamba niliifikiria mpaka mwisho wake, sindano tayari iko mkononi.

Nikaiweka chini. Nikamwita Ashura pembeni.

"Mdogo wangu, dawa imeharibika."

"Jua?"

"Barafu. Imeganda."

Akanitazama. "Imekufa?"

"Imekufa."

"Imejiua yenyewe?"

"Hapana. Nimeiua mimi. Nimepakia vibaya kwa sababu nilikuwa naogopa kuchelewa."

Hakulia, hakunitukana. Alikunjua mkono wa gauni taratibu, akaunyoosha vizuri mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Basi rudi." Akaenda kukaa kwao. Nimewahi kutukanwa na wagonjwa matusi ya kila aina, hakuna lililonichoma kama hilo neno. Mzee Ntakije alikuwa anakunywa uji. Aliuweka chini nusu, akafuta mdomo, akasema jua bado lipo.

Kuvuka jioni ile sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikuwa na hasira, na hasira inasaidia kidogo kwenye mawe. Dereva alitusubiri juu, nikafika mjini, nikaandika ripoti: chanjo zimeganda, kosa ni langu. Mkubwa wangu alinipa barua ya onyo baadaye, na alikuwa na haki yake. Asubuhi nilivilaza vichupa vya barafu mezani, nikakaa chini. Dereva akapiga honi. Nikakaa. Nilitikisa kimoja kimoja mpaka vyote nikavisikia maji, ndipo nikapakia.

Lakini barafu iliyoanza kuyeyuka haingoji mtu. Tulipofika juu na Mzee Ntakije tukakuta wingu limekaa kwenye Mgongo, huoni hatua tano. Mzee akasema tusubiri lipande. Nikamuuliza litapanda saa ngapi. Akasema wingu halina saa. Nikakigusa kisanduku, nikasema mimi naingia. Mzee akafungua kitambaa chake cha kiunoni, akafunga ncha moja kwenye mkono wangu na nyingine kwenye wake.

Nilidhani kutoona chini kutanisaidia. Wapi! Ukiona shimo unajua liko wapi. Kwenye wingu shimo liko kila mahali. Mawe yalikuwa yameloa, yanateleza kama sabuni. Nilikuwa napapasa kila jiwe, nalisukuma, nalijaribu, naliacha, nachukua jingine, na muda unakwenda, na kichwani nasikia barafu inayeyuka. Tukapita mawe ya kwanza. Tulipomaliza ya pili Mzee akasimama ghafla, kitambaa kikalegea.

"Kuna mtu," akasema.

Nami nikasikia. Mtu anahema mbele yetu, kwa shida, anapumzika, anahema tena. Tukasogea. Kati ya mawe ya pili na ya tatu pana mahali panapopanuka kidogo, ukubwa wa kitanda. Hapo alikuwa amekaa Ashura, pekupeku, mgongo umeegemea jiwe, mikono yote miwili imeshika tumbo. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri, peke yake, bila kumuaga mtu. Hakutusalimu.

"Mungu wangu, Ashura! Umefuata nini huku?"

"Nilidhani hutarudi," akasema. "Jana niliyaona magoti yako. Nikasema yule dada hawezi tena, ngoja nimfuate."

Nilitamani anitukane. Nikapiga magoti palepale, vidonda vikiwa bado vibichi, nikafungua kisanduku. Kichupa cha dawa kilikuwa baridi, hakikuganda. Nikakitikisa mbele ya macho yake, dawa ikatulia nyeupe, sawasawa. Mzee Ntakije akatupa kisogo, akatanua shuka lake kutukinga upepo. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, Ashura akaushika kwa mkono wake mwingine akautuliza begani kwake, nikamchoma. Halafu tukashuka, kwa maana kulikuwa na wengine wanasubiri, na kwenye mawe ya tatu mjamzito wa mwezi wa tisa ndiye aliyenishika mkono mimi.

Mkiniuliza la kuwafundisha, ni hilo tu la kulaza barafu mezani. Ogopeni mnavyotaka, hakuna atakayewakataza. Ila mkiwa na hofu msiamini hesabu zenu za kichwani, fuateni kile mlichofundishwa siku mkiwa mmetulia.

Ashura alijifungua siku ya kumi na saba tangu sindano ile. Mtoto wa kike. Nilipigiwa simu, nikashangilia, nikakata, nikaanza kuogopa upya. Siku ya tano ya mtoto sikula. Siku ya sita nilipiga simu mara nne, mtandao haukushika. Siku ya saba ziwa lilikuwa limetulia, nikapanda boti ya kwanza, nikamwambia mwenye boti anisubiri kidogo, naingia na kutoka. Nilipanda mchanga mpaka nyumbani kwake. Palikuwa kimya. Hakuna kilio, hakuna mtu uani, mlango umerudishwa. Nilisimama nje pale nikashindwa kubisha.

"Ingia, dada nesi," sauti ikatoka ndani. "Ninakuona miguu chini ya mlango. Siwezi kuinuka, huyu hataki kuachia."

Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na mtoto alikuwa ananyonya, ananyonya kwa kelele, ananguruma, kangumi kamekunjwa juu ya ziwa la mama yake. Nilikaa chini. Nikamsikiliza mtoto akinyonya, akisinzia, akishtuka, akinyonya tena, mpaka boti ikachoka kunisubiri ikaondoka, nami nikarudi mjini kwa miguu, kwa kule juu.